Sura moja, mabamba mawili: kisa cha picha ya Malkia Victoria iliyochorwa na Chalon

Tarehe 17 Julai 1837, Malkia Victoria alikwenda Baraza la Malodi mjini London kufunga kikao cha Bunge. Alikuwa na miaka 18, na hajatimiza hata mwezi tangu arithi kiti cha enzi. Alfred Edward Chalon, mchoraji mzaliwa wa Geneva, alimchora kwa rangi za maji ili siku hiyo ibaki kwenye kumbukumbu, na picha ikawa zawadi kwa mama yake, Duchess wa Kent. Malkia amesimama juu ya ngazi, mwili umegeuka nusu, kichwa kimeelekezwa kulia, na mkono wake uko kwenye kitako cha nguzo kilichochongwa simba. Amevaa mavazi ya dola, joho likiburuzika nyuma. Kichwani ana taji lililotengenezwa kwa ajili ya Mfalme George IV mwaka 1820, lenye almasi 1,333.

Picha ya namna hiyo ni moja tu na ina mwenyewe. Raia wa Leeds au Glasgow hataiona. Ili aione, lazima mtu aihamishie kwenye metali na metali iitoe kwenye karatasi. Kazi hiyo ilimwangukia mchongaji wa mabamba Samuel Cousins, na chapa yake ilitolewa kwa umma wakati wa kutawazwa kwa malkia, tarehe 28 Juni 1838. Tangu siku ya Baraza la Malodi hadi siku ya kutawazwa ni siku 346, na humo utoe kwanza muda wa Chalon kuichora picha. Kwa bamba kubwa la mezotinti (mbinu ya kuchonga metali inayotoa vivuli laini badala ya mistari), ambalo mara nyingi lilimla mchongaji miezi mingi na pengine mwaka mzima, huo ni muda wa kubana.

Miaka 13 baadaye kichwa hichohicho kilichukuliwa peke yake na kuwekwa kwenye stempu: Canada mwaka 1851, kisha New Zealand na Tasmania mwaka 1855, halafu Natal, Bahamas, Queensland, Grenada na makoloni mengine. Wakusanyaji wa stempu hadi leo huziita "vichwa vya Chalon", ingawa Chalon mwenyewe hakuchonga hata mstari mmoja. Kwa hiyo tuna picha moja na mabamba ya aina mbili yaliyofanywa kwa njia zisizofanana hata kidogo. Ukiyafuata yote mawili hatua kwa hatua unagundua kwamba jambo lililoamua metali, zana, na hata mashavu ya malkia yaonekaneje, lilikuwa idadi ya nakala zilizotakiwa.

Cousins na cheo cha mchongaji

Cousins alizaliwa Exeter mwaka 1801 na akaingia uanagenzi kwa Samuel William Reynolds mwaka 1814. Mwalimu huyo alikuwa anatoa mfululizo wa mabamba madogo 360 ya picha za mchoraji Sir Joshua Reynolds (majina yamegongana tu, hawakuwa ndugu), na 84 kati ya hayo yalitoka kwenye mkono wa kijana Cousins. Hakuna shule ya picha za watu iliyo bora kuliko hiyo: nyuso 84, mikono, kola na mawigi, zote zikitakiwa kusomeka kwenye bamba dogo. Mwaka 1827 alitoa chapa ya Master Lambton, picha ya mchoraji Thomas Lawrence, na jina lake likasimama.

Mwaka 1835 alichaguliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Royal Academy, chama cha kifalme cha wasanii mjini London, na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Wachoraji, wachongaji wa sanamu na wasanifu majengo waliweza kuwa wanachama kamili. Mchongaji wa mabamba hakuweza, kwa hoja kwamba ananakili kazi ya mwingine. Cousins alipewa uanachama kamili mwaka 1855, wa kwanza miongoni mwa wachongaji. Hoja ya kunakili inaporomoka mara unapoangalia kazi yenyewe inavyofanyika.

Kutoka rangi kwenda weusi

Tatizo la kwanza halihusu mkono hata kidogo. Picha ina rangi, chapa ina wino mweusi na karatasi nyeupe. Chukua joho la mahameli jekundu na kivuli cha kahawia kilicho nyuma yake. Kwenye picha jicho linavitenganisha papo hapo kwa sababu rangi ni tofauti. Ukipima uzito wa giza lao peke yake, vinaweza kuwa sawa kabisa. Mchongaji akivihamisha kwa uaminifu wa kipimo, joho linazama kwenye ukuta na malkia anabaki kichwa na mabega yanayoelea. Kwa hiyo analazimika kudanganya kwa akili: analipandisha joho mwanga kidogo pale linapopakana na kivuli, au anakipandisha kivuli, na anatumia mwelekeo wa mikunjo na ulaini wa kitambaa kumwambia mtazamaji kwamba hapa kuna mahameli. Manyoya meupe ya pindo nayo yana mtego wake. Ukiyaachia karatasi tupu, yanaupiku uso kwa mwanga, na jicho la mtazamaji linakwenda chini kwenye nguo. Mchongaji mzuri huyatia kijivu chepesi ili sehemu nyeupe kabisa zibaki chache: paji la uso, ncha ya pua, mmetuko wa almasi.

Ndiyo maana upigaji picha, uliotangazwa mwaka 1839, haukumnyang'anya mchongaji kazi mara moja. Mabamba ya kamera ya miongo ile yaliona bluu kama nyeupe na nyekundu kama nyeusi. Ukipiga mchoro wenye joho jekundu na anga la bluu, joho linatoka kama lami na anga linafutika. Dawa yake ilianza kupatikana mwaka 1873, Hermann Wilhelm Vogel alipogundua kwamba kemikali za rangi zikiongezwa kwenye bamba zinalifanya lione kijani na njano. Hadi hapo, mtu pekee aliyeweza kugeuza rangi kuwa weusi kwa hukumu sahihi alikuwa mchongaji.

Bamba

Mezotinti inaanzia gizani. Mchongaji anaandaa bamba ambalo, likipakwa wino na kuchapwa kama lilivyo, linatoa karatasi nyeusi tii; kisha anachimbua mwanga kutoka humo. Kwa karne moja na nusu bamba hilo lilikuwa la shaba nyekundu. Shaba ni laini, inapokea kazi vizuri, na weusi wake hauna mfano. Ubaya wake ni kwamba inachakaa haraka: baada ya nakala mia moja hivi, pengine chini ya hapo, ule weusi wa mahameli umeshapauka na lazima bamba litengenezwe upya.

Mwaka 1822 mchongaji Thomas Goff Lupton alipewa medali ya Society of Arts, chama cha kuhimiza sanaa na ufundi, kwa kufanikiwa kufanya mezotinti kwenye chuma cha pua laini. Ghafla bamba moja liliweza kutoa nakala zaidi ya elfu. Kwa mchapishaji anayetaka kuuza sura ya malkia mpya kwa nchi nzima, mjadala ukaisha, na kufikia miaka ya 1830 chuma cha pua ndicho kilichokuwa bamba la kawaida kwa kazi za soko kubwa.

Lakini chuma kina gharama. Ni kigumu, kwa hiyo kuliandaa bamba kunachosha zaidi na zana zinakuwa butu mapema. Vinyweleo vya metali vinavyoshika wino ni vifupi kuliko vya shaba, na weusi wake unaelekea kijivu cha baridi. Tena linapata kutu: jasho la kiganja, pumzi ya mchongaji aliyeinama siku nzima, unyevu wa usiku wa London, vyote vinaacha madoa yanayokuja kuonekana kwenye chapa kama vipele. Kazi ikisimama, bamba hupakwa nta au mafuta ya wanyama na kufunikwa.

Ili kufidia ule ukijivu, wachongaji wa enzi ya Victoria walichanganya mbinu. Kabla ya kulitia bamba giza, walichora kwa tindikali mistari ya msingi ya nguo, nywele na mapambo. Juu yake wakaweka mezotinti. Mwishoni wakaongeza vitone kwenye ngozi na mistari ya kalamu ya chuma kwenye lesi na vito. Wapenzi wa mezotinti safi ya karne ya 18 hudharau mchanganyiko huu, na wana haki kiasi: baadhi ya mabamba ya miaka ya 1840 yana vitone vingi mpaka uso unaonekana umepigwa unga. Mkononi mwa Cousins mchanganyiko ulifanya kazi kwa sababu kila mbinu aliiweka pale tu ambapo nyingine ilishindwa.

Kulitia bamba giza

Zana yake ni patasi ya kubembea: bapa pana la chuma cha pua lenye ukingo uliopinda kama nusu mwezi. Upande mmoja wa bapa umechimbwa mifereji iliyosongamana, na ukingo ukinolewa mifereji hiyo inageuka safu ya meno, kati ya 50 na 100 kwa inchi moja. Unaisimamisha wima juu ya bamba na kuibembeza kushoto na kulia huku ukiisogeza mbele kidogo kidogo. Kila jino linatoboa shimo na kuinua ukingo mdogo wa metali pembeni yake. Hicho kinyweleo ndicho kinachoshika wino.

Mstari mmoja hautoshi. Bamba zima hupitiwa kwa mistari inayofuatana, kisha hupitiwa tena kwa kukatisha, kisha kwa mshazari, na kila pembe mpya hupimwa na kuchorwa kwa chaki kwanza. Bamba lililoandaliwa vizuri limepitiwa katika mielekeo 40, 60, hata 80. Ni kazi ya siku nyingi, na kwa kawaida ilipewa msaidizi au fundi anayelipwa kwa hiyo tu. Wengine walifunga mpini wa patasi kwenye mti mrefu ambao ncha yake ya pili inateleza kwenye mfereji, ili mstari usiyumbe.

Makosa ya hatua hii hayajifichi. Ukiruka pembe moja, kuna milia itakayojitokeza baadaye kwenye anga au kwenye shavu, na haifutiki kwa kukwaruza. Ukikandamiza zaidi mwanzoni mwa mstari kuliko mwishoni, bamba linakuwa zito upande mmoja. Jino moja likivunjika bila kugunduliwa, linaacha uzi mweupe kila patasi inapopita. Kwa hiyo kabla ya kugusa picha, unachapa bamba tupu. Karatasi ikitoka nyeusi sawasawa kutoka kona hadi kona, unaendelea.

Mchoro kugeuzwa

Chapa ni kinyume cha bamba, hivyo ili malkia aangalie kulia kwenye karatasi lazima aangalie kushoto kwenye metali. Mchongaji hupunguza mchoro kwa miraba, hunakili mistari mikuu kwenye karatasi ya kuangazia, kisha huigeuza na kuihamishia kwenye bamba. Kwa miezi yote inayofuata anafanya kazi akitazama picha kupitia kioo kilichowekwa mbele yake, ili anachokiona na anachokichonga viwe vya mkono mmoja.

Hapa panataka uangalifu wa ziada kwa picha ya mtu. Mstari wa jicho ukihama unene wa uzi, ndege au mti hautalalamika, lakini sura ya mtu hubadilika na kuwa ya dada yake. Macho, pua na pembe za mdomo hupimwa kwa bikari kutoka kwenye nukta zilezile tena na tena, na mara nyingi hizo ndizo sehemu za kwanza kukwaruzwa, ili kosa lionekane mapema bamba likiwa bado lina nafasi ya kurekebishwa.

Kukwaruza

Zana ni kisu chembamba chenye makali pande mbili, kinacholazwa karibu kugusa bamba na kuvutwa kwa wepesi. Kinyweleo kikipunguzwa nusu, kinashika wino nusu: kijivu. Kikiondolewa chote na shimo likasuguliwa kwa chuma laini cha mviringo, wino haushiki kabisa: nyeupe. Katikati ya hizo mbili kuna ngazi zote za kivuli, na hakuna mstari wowote unaozitenganisha. Ndiyo sababu mezotinti ilifaa ngozi ya binadamu kuliko mbinu nyingine yoyote ya metali.

Kanuni ni kwenda kwa upana kwanza. Mchongaji huweka mwanga mkubwa wa uso mzima, wa shingo, wa gauni, bila kuingia kwenye kope. Chukua shavu la msichana wa miaka 18 lililochorwa kwa rangi za maji. Halina kivuli kizito popote. Lote liko kati ya nyeupe na kijivu cha kwanza. Fundi mwenye haraka anafika kwenye nyeupe mapema, halafu hana pa kwenda: mmetuko wa juu ya mfupa wa shavu hauna tofauti na shavu lenyewe. Mwenye kujua anasimama ngazi mbili kabla ya nyeupe, anachapa prufu (chapa ya majaribio), anaangalia, anarudi kukwaruza pumzi moja tu ya metali, anachapa tena. Kwenye bamba lenyewe hukumu ni ngumu kwa sababu metali inang'aa na kudanganya. Wengi walitundika karatasi nyembamba kati ya dirisha na bamba ili mwanga uje umetawanyika, na walipaka bamba wino mweusi kidogo ili waone wanachofanya.

Ukikwaruza kupita kiasi, njia ya kurudi ni moja: kukiandaa upya kile kipande kwa patasi ndogo, kisha kukwaruza tena. Kwenye shaba kipande kikishuka chini unaweza kukipima kwa bikari na kukigonga kutoka nyuma ili kiinuke. Kwenye chuma cha pua hilo ni gumu zaidi. Na kiraka, hata kikifanywa vizuri, mara nyingi kina chembechembe zisizofanana na jirani zake. Ukishika chapa za zamani uelekeze nuru ubavuni, viraka vya namna hiyo vinajionyesha zaidi karibu na midomo na kwenye mikono.

Prufu hupelekwa kwa mchoraji. Yeye huzigusa kwa chaki nyeupe na kwa wino uliozimuliwa: punguza hapa, zidisha pale. Prufu zilizoguswa hivi ndizo ushahidi bora tulio nao wa jinsi kazi ilivyogawanywa, na mara nyingi zinaonyesha mchoraji akiomba jambo ambalo mchoro wake haukuwa nalo, kwa sababu baada ya kuona kazi yake kwa weusi na weupe ameona udhaifu ambao rangi ilikuwa inauficha.

Maandishi chini ya picha yalichongwa mwisho, na fundi mwingine. Jina la mchoraji kushoto, la mchongaji kulia, na mstari wenye tarehe na jina la mchapishaji. Mstari huo wa mwisho haukuwa mapambo: sheria ya mwaka 1735, iliyopiganiwa na mchoraji na mchongaji William Hogarth, ililinda chapa iliyobeba tarehe na jina la mwenye haki, na sheria ya 1767 iliongeza ulinzi kuwa miaka 28. Cha ajabu ni kwamba mchoro wenyewe haukupata ulinzi wa sheria hadi mwaka 1862.

Kuchapa na kuchakaa

Karatasi hulowanishwa siku moja kabla na kupangwa chini ya uzito ili unyevu uenee sawa. Wino ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa na kuwashwa moto hadi yawe mazito, yakasagwa pamoja na weusi wa Frankfurt, unga unaotokana na mashapo ya mvinyo yaliyochomwa. Bamba huwekwa juu ya sahani yenye joto ili wino ulainike, hupakwa wote, kisha hupanguswa kwa kitambaa cha melimeli, na mwishoni kwa kiganja kilichopakwa chokaa laini. Linawekwa kitandani kwa mashine, karatasi juu yake, blanketi za sufi juu ya karatasi, na mchapaji anavuta mikono mirefu ya gurudumu. Karatasi ikibanduliwa, ukingo wa bamba umeacha alama iliyozama pande zote nne.

Kiganja cha mchapaji kinaweza kuharibu kazi ya mwaka. Akipangusa mno, vivuli vinatoka vikavu na vina madoadoa. Akiacha wino mwingi, uso unakuwa na ukungu. Karatasi iliyolowa kupita kiasi inakataa wino, iliyokauka inaacha nukta nyeupe kwenye weusi. Kwa hiyo wapo wachapaji waliofanya mezotinti tu, na wachongaji waliwajali.

Kila kupangusa na kila mgandamizo unavilaza vinyweleo. Vinavyokufa kwanza ni vya kijivu cha kati, kwa sababu vilishapunguzwa kwa kisu na vimebaki vifupi: yaani mashavu, shingo, mikono. Weusi wa joho unadumu zaidi. Matokeo yake chapa ya mwishomwisho ina joho zuri na uso wa chokaa. Ndiyo sababu chapa za mwanzo, hasa zile zilizotolewa kabla maandishi hayajachongwa, ziliuzwa ghali kuliko za baadaye. Kukosekana kwa maandishi ni uthibitisho kwamba bamba lilikuwa bado bichi. Wachapishaji waliigeuza hali hii kuwa biashara, wakachapa "prufu" nyingi kuliko zilivyostahili jina hilo, na mwaka 1847 ikaundwa Printsellers' Association, chama cha wauzaji wa chapa, mjini London ili kuzihesabu na kuzigonga muhuri. Mwaka 1857 Wafaransa Garnier na Salmon wakapata njia ya kuifunika shaba kwa utando mwembamba wa chuma kwa umeme. Utando ukichakaa unaondolewa na kuwekwa mwingine, bamba la chini likibaki salama. Wachongaji wengi walirudi kwenye shaba bila majuto.

Kichwa kwenye stempu

Sasa chukua uso huohuo na uutake kwa mamilioni, ukubwa wa ukucha, kila kimoja sawa na mwenzake kiasi kwamba mwigaji ashindwe. Mezotinti haina la kusema hapa. Vinyweleo vyake vingekufa kabla ya siku ya kwanza kwisha.

Kampuni ya Perkins, Bacon & Co. ya London ilitumia njia iliyoletwa Uingereza na Mmarekani Jacob Perkins mwaka 1819. Edward Henry Corbould alichora upya kichwa cha Chalon kwa rangi za maji ili kiwe mwongozo, na William Humphrys, Mwairishi aliyejifunza kazi Philadelphia, akakichonga kwa mistari kwenye kipande kidogo cha chuma cha pua kilicholainishwa. Kila kivuli sasa ni lazima kiwe mstari au kitone chenye kina cha kutosha kushika wino. Shavu limejengwa kwa vitone vinavyopungua ukubwa kuelekea kwenye mwanga. Shingo kwa mistari iliyopinda kufuata umbo. Nywele kwa mistari mirefu iliyobanana. Kila kisicho cha lazima kimetupwa: ngazi, nguzo, simba, joho. Nyuma ya kichwa kuna nakshi ya mizunguko iliyokatwa kwa mashine, ambayo mkono wa mtu hauwezi kuiiga.

Kipande kikikamilika hupakiwa na unga wa mifupa iliyochomwa, hupashwa moto mkali na kuchovywa, kikawa kigumu. Rola ya chuma laini husukumwa juu yake kwa nguvu kubwa hadi metali iingie kwenye kila mstari, na rola inapata picha iliyoinuka. Rola nayo hufanywa ngumu, kisha huviringishwa kwenye bamba laini mara 240 kwa stempu za New Zealand, safu 20 za stempu 12. Mwelekeo wa uso unageuka katika kila hatua: kinyume kwenye kipande, sawa kwenye rola, kinyume kwenye bamba, sawa kwenye karatasi. Rola ikikaa pabaya, alama inasuguliwa na kuingizwa upya, na mabaki ya mistari ya kwanza huonekana kama mstari wa pacha. Wakusanyaji hulipia makosa hayo zaidi ya stempu safi, jambo ambalo lingemshangaza msimamizi wa kiwanda.

Njia hii ilienea hadi pwani yetu: stempu za Zanzibar za 1896 zenye sura ya Sayyid Hamed bin Thuwaini zilichapwa na kampuni ya De La Rue kwa mabamba ya mistari iliyochimbwa, kwa kanuni hiyohiyo.

Hata hivyo chuma kigumu nacho huisha. Bamba la kwanza la peni 2 la New Zealand lilichakaa mpaka nakshi ya nyuma ya kichwa ikafifia na mistari ya uso ikakatika, likarekebishwa kwa mkono sehemu sehemu, na bamba la pili likaanza kutumika mwaka 1865. Zingatia kilichokufa kwanza: ile mistari myembamba zaidi, yaani vitone vya shavu na mizunguko ya nyuma. Kwenye chapa ya mezotinti ilikuwa vilevile, kijivu cha kati kilitangulia.

Kuzitambua kwa kioo cha kukuza

Ukikutana na chapa ya picha hii, anza na ukingo: alama ya bamba iliyozama lazima iwepo, isipokuwa kama karatasi imekatwa. Kisha weka kioo cha kukuza mara kumi kwenye kivuli cha joho. Mezotinti ya kweli inaonyesha weusi wenye nyufa ndogo zinazokatizana katika pembe nyingi, na sehemu zilizokwaruzwa zina kingo laini. Kwenye uso utafute vitone vya mkono: havilingani ukubwa wala nafasi. Vitone vikiwa vimepangwa kwenye mistari iliyonyooka sawasawa kama askari wa gwaride, hiyo ni nakala ya kitabu au gazeti iliyotengenezwa kwa kamera baada ya miaka ya 1880. Fotograviri, yaani chapa ya bamba lililochimbwa kwa msaada wa kamera, ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu nayo ina alama ya bamba na wino wa kina. Lakini chembechembe zake ni za unga uliomwagwa, hazina mwelekeo wowote, na hutaona popote mkwaruzo wa kisu. Kwa stempu, pitisha kucha taratibu juu ya nakala isiyotumika: wino wa bamba lililochimbwa umesimama juu ya karatasi na unahisika, ilhali nakala ya litografia (uchapaji wa kutoka kwenye jiwe bapa) ni bapa.